Jibu Lililokatwa

Mwalimu Anania alicheka. Tuliseme hilo mapema kabisa, maana yeye mwenyewe, kila alipojaribu kusimulia mambo haya, hapo alikuwa anaparuka. Walicheka walimu kumi na mmoja kuzunguka meza ndefu ya bwalo, naye akacheka nao, tena kwa sauti, mpaka akajifuta machozi. Na wakati anajifuta alikuwa ameshaelewa kwamba anayechekwa ni yeye.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba, Makambako, katika shule moja ya wasichana iliyowapa walimu bwalo lake wasahihishie mtihani wa pamoja wa kidato cha tano. Shule sita zilikuwa zimeleta karatasi za kemia. Usahihishaji wenyewe ni wa kuzungusha: kila mwalimu anapewa swali moja, anakaa nalo hilo hilo mpaka limtoke puani, na akimaliza karatasi anaisukuma kwa jirani. Anania, aliyetoka Njombe mjini, aliangukiwa na swali la sita.

Swali la sita lilikuwa fupi. Una tindikali ya haidrokloriki. Unaizimua kwa maji, unaizimua tena, unaizimua mpaka nguvu yake inabaki moja tu kwa milioni mia. Tafuta pH yake. Ukienda kichwa kichwa, kikokotoo kinakupa nane, safi kabisa, bila nukta.

"Na hapo ndipo watakapoanguka," alisema Mwalimu Dafroza, kiongozi wa jopo, mama wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa amejifunga khanga juu ya koti kwa ajili ya baridi. "Nane ni besi, jamani. Mtu kachukua tindikali, kaongeza maji, kapata besi! Kule Kana waliishia kwenye divai, hawa wamewapita."

Hapo ndipo walipocheka.

Kisha Dafroza akaeleza taratibu, kwa faida ya walimu vijana. Tindikali ikishazimuliwa kiasi hicho, ayoni zake za haidrojeni zinakuwa chache kuliko zile ambazo maji yenyewe yanazo tangu mwanzo. Lazima uzijumlishe zote. Ukijumlisha, pH inagota 6.98, chini kidogo ya saba, na haivuki ng'o. "Alama tano kwa 6.98 yenye njia. Aliyeandika nane, sifuri. Na mwalimu aliyemfundisha nane, huyo ndiye tungemkalisha kwenye mtihani."

Huyo mwalimu alikuwa ameketi kiti cha nne kutoka mlangoni, kalamu nyekundu mkononi, tabasamu bado limemganda usoni.

Anania hakusomea kemia kama somo lake kuu, alisomea baiolojia. Kemia alirithishwa Mzee Timoth alipostaafu, na pamoja nayo alirithishwa kaunta buku ya Mzee Timoth, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, notisi zote ndani, maswali na majibu. Swali la kuzimua lilikuwamo, na jibu lake limepigiwa mistari miwili: nane. Miaka saba Anania alilinakili ubaoni hivyo hivyo. Miaka saba watoto walilinakili kwenye madaftari yao hivyo hivyo, wakamshukuru, wakaenda zao.

Mpaka Septemba hii, alipopingwa na mwanafunzi anayeitwa Hamisa.

Hamisa alikuwa binti wa Lyamkena, Makambako, mtoto wa Mzee Halfan mwenye malori. Kwenye jaribio la Agosti alikuwa amepata sabini na moja, na hakuna msichana aliyemkaribia. Siku ile alinyoosha mkono, akasimama, akasema kwa adabu zake zote:

"Samahani, Mwalimu. Mimi nimepata 6.98."

"Umekosea wapi?"

"Sijui kama nimekosea, Mwalimu. Ila ndimu, hata ukiikamulia kwenye pipa zima la maji, haigeuki magadi. Inapungua ukali tu. Nikafikiri labda na maji yenyewe yana..."

Sasa hapa tusidanganyane. Si kwamba Anania hakusikia. Alisikia vizuri sana. Alisikia kwamba mtoto anasema jambo lenye kichwa na miguu, na kwamba yeye hana la kumjibu, na kwamba macho themanini na mawili yanamtazama. Angeweza kusema, Hamisa, ngoja nikaliangalie hili, tutaonana kesho. Maneno sita tu! Yasingemuunguza mdomo. Badala yake alisema:

"Wewe, hapa si sokoni Makambako. Jibu la kemia halina kupatana bei."

Darasa likaangua kicheko. Anania alifurahi, na akaongeza chumvi: akamwagiza Hamisa aandike "pH ni 8" mara hamsini kwenye daftari lake, amletee atie sahihi. Hamisa akaandika. Anania akatia sahihi na tarehe. Tangu siku hiyo wenzake wakawa wanamwita Nukta, bwenini, bwaloni, hata uwanjani, na mkono wake haukuonekana tena juu kwenye kipindi cha kemia. Anania aliliona hilo. Alijiambia mtoto ametulia.

Basi rudi Makambako, siku ya pili ya kusahihisha. Likaja furushi la shule yake. Juu ya karatasi kuna namba ya shule na ya mtahiniwa tu, hakuna jina, lakini mtu atasahau vipi namba ya shule aliyofundisha miaka saba? Akafungua ya kwanza, swali la sita: nane. Sifuri. Ya pili: nane. Sifuri. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Watoto walikuwa wameandika vizuri mno, hatua kwa hatua, kama alivyowafundisha, na jibu wamelipigia mistari miwili kama alivyowafundisha. Kila sifuri aliyoiandika ilimchoma. Alitaka kulia, na alikuwa mtu mzima mbele ya watu wazima, akajikaza kisabuni akaendelea.

Karatasi ya ishirini na tisa aliijua kabla hajafika swali la sita, kwa mwandiko. Mwandiko wa Hamisa ulikuwa mdogo, umelala kidogo kushoto. Akafungua ukurasa. Na pale palikuwa na njia yote: ayoni za tindikali, ayoni za maji, mlinganyo, kipeo cha pili, hatua moja baada ya nyingine, na chini yake, 6.98. Halafu yote hiyo ilikuwa imekatwa. Mstari mmoja ulionyooka, kwa rula, kutoka kona hadi kona. Na chini kabisa, peke yake, bila njia yoyote: nane.

Mwalimu Anania aliiweka kalamu mezani. Jirani yake akamuuliza kama wino umekwisha. Akasema ndiyo, umekwisha, akapewa kalamu nyingine.

Sheria ya kusahihisha ni moja: mwanafunzi akikata jibu mwenyewe na kuandika jingine, lililokatwa halisomwi. Sheria nzuri. Ilimpa Anania mahali pa kujificha. Angeweza kusimama akamwambia Dafroza, mama, njoo uone, huyu mtoto alijua, na aliyemfanya akate ni mimi. Dafroza angeuliza wewe ndiye nani. Wale kumi wengine wangegeuza shingo. Na mkoani kulikuwa na barua iliyokuwa inasubiri kusainiwa, ya kumfanya Anania mwalimu wa taaluma wa shule yake kuanzia Januari. Aliifikiria barua ile. Ndiyo, mbele ya karatasi ya mtoto, aliifikiria barua.

Akaandika sifuri, akaisukuma karatasi kwa jirani.

"Hii shule ni ya nani?" Dafroza aliuliza kabla ya chai, akipekua furushi. "Watoto arobaini na mmoja, nane arobaini na moja. Hawa hawakukosea, hawa wamefundishwa. Mwalimu wao yupo hapa?"

Anania aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa cha kamba. Alishikashika pale chini mpaka Dafroza akasema, haya, twendeni chai, nitamtafuta kwenye orodha nikirudi nyumbani.

Jioni ile alitoka kwenda kutafuta chakula, na kama vile siku haijamtosha, nani anamwita kutoka upande wa pili wa barabara? Mzee Halfan, baba yake Hamisa, amesimama pembeni ya lori lililojaa viazi vya Makete.

"Mwalimu wangu! Unaingia mji wa watu kimya kimya hivyo?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Kaa, unywe chai. Hamisa atafurahi nikimwambia nimekuona."

Wakaketi kwenye benchi la mama lishe. Halfan alimwagiza chai na chapati mbili bila kumuuliza, akamwangalia anavyokula, ameridhika kama mtu aliyepata mgeni wa heshima. Halafu akashusha sauti.

"Mwalimu, nina jambo. Nilipokwenda kumtembelea mwezi uliopita, mtoto ananiambia, baba, kemia siiwezi, afadhali nihamie masomo ya historia. Hamisa huyo! Tangu darasa la tano anasema atakuwa mfamasia. Nikamwambia, mama, mimi najua malori, sijui tindikali. Muulize mwalimu wako. Akaniambia mwalimu ameshamwambia."

"Nimemwambia nini?"

"Hakusema, nami sikumhoji. Nikamwambia, kama mwalimu kasema, basi mwalimu ndiye anayejua. Au nilikosea?"

Anania alikunywa chai ya moto kwa haraka, akaungua ulimi, na alipoweza kusema alisema kwamba Hamisa ni mtoto mwenye akili. Halfan akatabasamu, akasema ahsante sana, mwalimu, umenipa moyo. Akakataa katakata mgeni alipe hata kikombe. Anania alirudi alikolala akijichukia. Hakuna neno jingine la kuliwekea hilo. Alijichukia kuanzia mdomo ulioficha hadi mkono ulioandika sifuri.

Ijumaa zikajumlishwa alama. Hamisa alikuwa na thelathini na nane.

Shule yao ilikuwa na utaratibu wake, ambao Anania mwenyewe alikuwa ameupigia kura kikaoni: mwanafunzi wa sayansi asiyefikisha arobaini kwenye somo lolote la tahasusi yake, anahamishwa. Hakuna mjadala. Orodha inabandikwa Jumatatu baada ya mtihani, na kabla ya likizo mtoto anarudisha vitabu vya maabara na kuchukua vya historia. Wanafunzi watano walikuwa chini ya arobaini. Wanne walikuwa chini mno, hata alama tano zisingewaokoa. Wa tano alikuwa Hamisa.

Jumatatu asubuhi Njombe ilikuwa imefunikwa na ukungu, huoni mlingoti wa bendera. Anania alifika shuleni kabla ya kengele, akapita mbele ya ofisi ya mkuu wa shule mara mbili. Mara ya kwanza alijiambia mkuu hajafika, na taa ilikuwa inawaka. Mara ya pili mkuu mwenyewe, Mwalimu Odilo, alifungua mlango akasema, "Kamwene, Anania. Ingia basi, unanipa kizunguzungu."

Orodha ilikuwa mezani, imeshachapwa, gundi pembeni yake. Anania hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kama anayetapika: kaunta buku, ndimu, soko, mara hamsini, mstari wa rula, sifuri. Alisema hata kile kicheko cha bwaloni. Odilo alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa hiyo unataka nimwongezee alama tano."

"Hapana, mkuu. Alama siwezi kuzigusa, sheria ni sheria. Nataka asihamishwe kwa kosa langu."

"Mimi nitasema nini kwa wazazi wa wale wanne?"

"Sema kosa ni la mwalimu. Nitaandika."

Odilo akamsukumia karatasi tupu. Anania akaketi, akaandika mistari sita, akamkabidhi. Mkuu akasoma kwa sauti: "'Kulijitokeza hitilafu katika ufundishaji wa mada husika.'" Akamrudishia. "Nani aliyejitokeza? Hitilafu ilikuja kwa miguu yake? Andika tena."

Ya pili ilisema "mwanafunzi hakueleweka vizuri." Odilo aliichana bila kuimaliza.

Ya tatu ilisema: Nilimfundisha mwanafunzi Hamisa Halfan jibu la uongo. Aliponisahihisha, nilimdhalilisha mbele ya wenzake na kumlazimisha aandike uongo huo mara hamsini. Kwenye mtihani alikata jibu la kweli akaandika langu. Naomba abaki kwenye tahasusi yake. Chini yake jina, cheo, na sahihi.

"Unajua nakala inakwenda mkoani," alisema Odilo. "Na unajua kule kuna barua yako nyingine."

"Najua."

Mkuu akachukua kalamu, akakata jina la Hamisa kwenye orodha, akamwita karani aichape upya. Hakumpongeza Anania wala hakumfariji. Alimwambia tu kwamba kengele imeshagonga na darasa linamsubiri.

Unaweza kudhani alitoka ofisini mwepesi. Wapi! Alikwenda darasani kama anayeitwa kuadhibiwa. Akaandika swali la sita ubaoni, akaandika na nane, akaifuta kwa kiganja. Kisha akawageukia wanafunzi arobaini na mmoja na kuwaambia kwamba aliyeandika nane alipata sifuri, na kwamba sifuri ile ni yake. Kwamba mwezi wa tisa kulikuwa na mtu mmoja humu ndani anayejua kemia, na mtu huyo hakuwa mwalimu.

"Hamisa," alisema, "nilikukosea. Nilijua nimekukosea siku ile ile. Naomba unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Waliokuwa wanamwita Nukta waliangalia madawati yao. Hamisa alisimama, kama mwanafunzi anavyotakiwa kusimama mwalimu anapomtaja, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Sauti yake haikuwa na hasira wala furaha. Anania alikuwa amejiandaa kwa machozi, alikuwa amejiandaa hata kwa dharau. Kwa sauti ile hakuwa amejiandaa.

Kipindi kilipokwisha alimkuta nje, amejikunyata ndani ya sweta, vitabu vya baiolojia kifuani. Akamwambia kuhusu orodha: hatahamishwa, amebaki, baba yake atapigiwa simu. Hamisa akasema ahsante tena. Alikuwa anageuka kuondoka, na Anania angemwacha aondoke, lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha tangu siku ile mezani, akaona asipouliza sasa hatauliza kamwe.

"Hamisa. Njia yako ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Ulijua ni sahihi?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Sasa kwa nini ulikata?"

Hamisa alitazama chini, akasogeza kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Ulituambia umechaguliwa kwenda kusahihisha Makambako," alisema. "Nikawa nimeshamaliza, bado dakika kumi. Nikawaza, karatasi yangu ikiangukia mikononi mwako, ukikuta ile 6.98, utajua ni mimi tu. Utaona bado nabishana na wewe. Nikaona nikuandikie yako, usikasirike." Kisha akainua macho na kuuliza, polepole, si kwa ubaya, kama mtoto anayetaka tu kujua: "Iliangukia kwako?"

"Iliangukia kwangu."

"Ukanipa ngapi?"

Wanafunzi walikuwa wanapita pande zote mbili wakikimbilia vipindi vyao, wanampisha mwalimu wao kwa heshima, shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu, naye hakumwitikia hata mmoja.

"Sifuri," alisema Anania.

Hamisa akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akaomba ruhusa, akaenda kwenye kipindi cha baiolojia.